Utasubiria Wapi?

Lifti ya lile jengo la maduka na ofisi ilikuwa na tabia mbaya ya kukwama siku ambazo watu wana haraka. Mwisho wa mwezi, mchana kweupe, watu wamejaa mpaka kwenye ngazi, nayo ikakwama katikati ya ghorofa mbili. Ndani alikuwemo msichana mmoja peke yake, amekumbatia boksi la dawa za kikohozi. Gauni lake la zambarau lilikuwa limemkaa sawasawa, na miguuni alivaa viatu virefu alivyovinunua juzi na kuanza kuvijutia jana.

Akaugonga mlango kwa ngumi. "Jamani! Kuna mtu humu!"

"Nakusikia, dada," sauti ya mwanamume ikajibu kutoka juu. "Usiupige mlango, haujakukosea."

"Aliyenikosea ni nani?"

"Mota. Na mimi ndiye fundi wake, kwa hiyo ukitaka kutukana, mwenyewe nipo."

"Sitaki kutukana, nataka kutoka."

"Utatoka. Kaa chini, vua hivyo viatu virefu, upumue."

"Umejuaje kama ni virefu?"

"Nimekusikia unavyozunguka humo. Ko, ko, ko, utadhani unapigilia misumari."

Msichana alikuwa amekusudia kukasirika, akajikuta anacheka. Fundi akaendelea kugonga na kukaza huko juu, na maneno yakaendelea kupita kwenye ufa wa mlango. Msichana alimwambia kwamba anauza kwenye duka la dawa la chini, kwamba wateja humwita Dokta ingawa yeye kasomea dawa tu, na kwamba anaogopa giza. Kisha akauliza, "Na wewe fundi, huwa unaongea vizuri hivi na kila anayekwama?"

"Wengine huwa wanalia. Wewe ndiye wa kwanza kunihoji."

"Waliokwama mwaka huu, wanawake ni wangapi?"

Hapo ndipo fundi alipopaswa kushtuka. Mwanamke anayekuonea wivu kabla hata hajaiona sura yako, ukimpenda, umejitakia mwenyewe. Lakini fundi alicheka, na mlango ulipofunguka alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya juu, ovaroli ya kijivu, grisi shavuni, amenyoosha mkono kumvuta. Dokta aliushika ule mkono na hakuuachia upesi, na boksi la dawa wakalisahau ndani ya lifti.

Yaliyofuata yalikuwa kama ya wapenzi wote wa mjini: simu za asubuhi, simu za mchana, simu za kuulizana kama ile ya mchana imeisha vizuri.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula."

"Na nani?"

"Na kijiko, Dokta. Na kijiko."

Jumapili walikwenda kanisani pamoja, Dokta na gauni jeupe la mikono mifupi, fundi na shati lililonyooka kuliko fikra zake, maana macho yalikuwa kwa jirani yake badala ya altareni. Wote wawili walikuwa Wakatoliki tangu kubatizwa. Basi fundi alipomvisha pete ya uchumba, ilikuwa wazi kwamba watakwenda kwenye mafundisho ya ndoa, na kwamba mwalimu wao angekuwa katekista wa parokia, ambaye kwa bahati alikuwa mume wa dada yake fundi.

Katekista alifundisha akiwa na mkewe pembeni, kama mfano. Yeye alisimama na kusema, mke alikaa kwenye benchi la mbele, sketi ndefu ya bluu, mikono mapajani, akitabasamu panapotakiwa tabasamu. Somo alilolipenda zaidi katekista lilikuwa la kupanga uzazi kwa njia ya asili. Vidonge, sindano na vijiti alivikataa kama Kanisa linavyovikataa, na akaeleza njia yenyewe vizuri kabisa: kipimajoto asubuhi kabla mke hajainuka kitandani, dalili za mwili, na zile siku za rutuba ambazo mume na mke wasiotaka mtoto wanaacha kukutana, wanasubiri.

Fundi alilishika somo lile kama anavyoshika mchoro wa mota. Dokta yeye alitoka darasani kanuna.

"Sema basi," fundi alimwambia barabarani. "Umekula pilipili?"

"Wewe unajua mimi nauza nini kila siku? Wanakuja wake za watu, wanakuja na watoto mgongoni, wananong'ona. Vidonge ninavyowapa mimi ndivyo shemeji yako anavyovilaani."

"Kuuza ni kazi. Mimi nazungumzia nyumba yetu. Na hii si ile kalenda ya zamani ya kuhesabu kwa vidole. Ukiifuata vizuri inafanya kazi."

"Najua inafanya kazi, nimesomea. Mimi mwenyewe ni tunda la kalenda ya mama, na wadogo zangu mapacha vilevile, lakini sigombani na kipimajoto. Nagombana na zile siku za kusubiri."

"Zina nini?"

Dokta akasimama. Jambo hili hakuwahi kumwambia mtu. "Mama alikuwa akisema 'subiri', na baba alikubali. Hakupiga kelele hata siku moja. Alikuwa anakwenda kusubiria kwa jirani. Mtaa mzima ulijua, mama akawa wa mwisho kujua. Sasa nakuuliza wewe. Siku hizo, utasubiria wapi?"

"Nyumbani kwangu. Bila shaka."

"Umejibu haraka."

"Ulitaka nijibu polepole?"

Dokta alimshika mkono, wakaenda. Lakini kile alichokuwa anakitafuta, mwanamume wa kumwamini katika siku zile, hakuwa amekipata bado, na harusi ilikuwa inakaribia.

Sasa sikiliza jinsi shetani anavyojua kupanga mambo. Wiki ile ile dada yake fundi alimwita nyumbani wakati mumewe ametoka, akafunga mlango wa jikoni, akaanza kulia kabla hajasema.

"Mdogo wangu, niapie kwanza."

"Nimeapa. Kuna nini, dada?"

"Nataka uninunulie vidonge vya majira. Nilivyokuwa navyo vimeisha, na rafiki aliyekuwa akiniletea amehama."

Fundi akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Wewe?"

"Mimi. Unakumbuka nilivyopasuliwa nilipomzaa huyu wa mwisho? Daktari alisema mimba nyingine itaniua. Na mwalimu wako wa kusubiri, akishazima taa, hajui kusubiri. Nikimwambia ni siku za hatari, ananiambia Mungu anajua. Mimi kwenda dukani siwezi. Muuguzi wa zahanati tunaimba naye kwaya, na kila duka la dawa kuna mtu ananiita Mama Katekista."

"Na Dokta?"

"Hasa huyo! Wifi yangu wa kesho ajue siri ya kitanda changu? Niapie tena."

Akaapa tena. Na kwa kuwa aliapa, hakwenda kwenye duka la mchumba wake. Alikwenda mbali, duka la karibu na kituo cha mabasi, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi. Maskini, hakujua kwamba muuzaji wa pale alisoma pamoja na Dokta, kwamba picha zote za fundi alikuwa ameshaonyeshwa kwenye simu, na kwamba darasa zima lilimwita Redio.

Fundi hajafika hata barabarani, Redio kapiga simu.

"Shosti, umekaa?"

"Nimesimama, nina wateja. Sema."

"Basi kaa. Mchumba wako katoka hapa sasa hivi. Kanunua vidonge vya majira. Paketi za kutosha! Nikamwuliza ni vya nani, kaniambia 'vya mtu'. Mimi sipendi umbea, unanijua."

"Nakujua," Dokta alisema, akakata.

Alimhudumia mteja aliyekuwepo, akamrudishia chenji, akamtakia nafuu. Kisha akaingia nyuma ya rafu za dawa asionekane. Yeye na fundi walikuwa wamekubaliana kungojana mpaka harusi. Vidonge vya nini, basi? Na kwa nini duka la mbali? Jibu lilikuja lenyewe, halikuhitaji kuitwa. Yupo mwanamke. Fundi kaanza kusubiria kwa jirani kabla hata ya ndoa.

Jioni fundi alikuja dukani kama kawaida yake, akaegemea kaunta.

"Hujambo, laazizi?"

"Toa ulichonacho mfukoni."

Tabasamu la fundi likafifia. Mfuko ulikuwa mtupu, dada alikwishavipokea, lakini uso wake ulijibu yote.

"Ni yule muuzaji," alisema taratibu.

"Muache muuzaji. Vidonge ni vya nani?"

"Siwezi kukwambia."

"Ni mwanamke?"

"Vidonge vya majira, Dokta, vitakuwa vya mwanamume?"

"Usinifanyie mzaha! Ni mwanamke gani?"

"Si mpenzi wangu. Nakuapia, sina mwingine. Lakini jina silitoi."

"Baba naye aliapa." Dokta akaivua pete, ikagoma kidogo kwenye kiungo, akaivuta kwa nguvu mpaka ngozi ikachubuka, akaisukuma juu ya kaunta. "Siku utakayopata jina, uje nalo. Mpaka siku hiyo lifti zako zipande na kushuka bila mimi."

Fundi aliichukua pete kwa sababu nyuma yake alikuwa amesimama bibi mmoja anayetaka dawa ya macho. Akatoka bila kuaga.

Jamani, wivu ni kazi ngumu. Hauna mapumziko. Dokta alimuumba yule mwanamke akiwa anapanga sabuni za dawa. Akampa urefu, akampa ngozi laini, akamshonea na sketi ya kubana. Ikawa kila mwanamke mrefu anayeingia kununua dawa ya kichwa anapewa na jicho la pembeni. Simu za fundi hakuzipokea, na simu ziliponyamaza akakasirika kwa nini zimenyamaza. Siku moja alifunga duka mapema, akajitanda mtandio mpaka puani, akamfuata fundi kutoka kazini. Fundi alinunua mkate, akasimama kuongea na fundi viatu, akaenda moja kwa moja kwa dada yake. Dokta aliumwa na mbu nje ya ukuta mpaka fundi alipotoka, na hakukuwa na mwanamke mrefu wala mfupi, ila dada mtu aliyemsindikiza mlangoni akijifuta macho.

"Hata dada yake kamliza," Dokta alijiambia, akarudi na hasira zaidi kuliko alizoenda nazo.

Jumamosi ya mafundisho ya mwisho alikwenda ukumbini ili aseme mbele ya watu kwamba ndoa haipo. Alivaa gauni jeusi lililombana kiuno, hereni ndefu, mdomo umepakwa rangi nyekundu. Alitaka fundi aone anachokikosa. Fundi alikuwa amekaa peke yake nyuma. Wachumba wengine wameketi wawili wawili. Mbele, katekista alikuwa amesimama na mkewe amekaa kwenye benchi lake.

"Mume," katekista alikuwa anasema, "hasubiri kwa sababu mke kamkataza. Anasubiri kwa sababu anampenda."

Dokta akainua mkono. "Mwalimu, nina swali. Mume aliyeahidi kusubiri akikutwa ananunulia mwanamke mwingine vidonge, huyo anasubiri nini?"

Ukumbi ukaanza kunong'ona. Katekista alifuata macho ya Dokta mpaka kwa fundi.

"Shemeji! Ni kweli?"

Fundi akasimama. "Nilinunua, ndiyo."

"Vidonge? Wewe? Tena wa nyumbani kwangu!" Katekista alipandisha sauti. "Vya nani?"

"Siwezi kusema."

"Mficha uchi hazai, shemeji. Sema hapa, mbele ya wenzako, au mimi kwa padri siwapeleki. Huwezi kunikalia darasani unaitikia, kumbe una mwanamke mahali anameza vidonge vyako!"

Fundi alitazama chini. Angeweza kujiokoa kwa neno moja tu, na aliyemwuliza alikuwa ndiye wa mwisho kustahili kulisikia. Dokta aliona jambo ambalo hakulitegemea: fundi hakuwa na sura ya mtu aliyefumaniwa. Alikuwa na sura ya mtu aliyebeba kitu kizito na hana pa kukitua.

"Basi niandikie mimi kosa," fundi alisema. "Ndoa ikifa, ife. Jina sitoi."

"Ni vyangu."

Sauti ilitoka kwenye benchi la mbele. Haikuwa kubwa, na wa nyuma walilazimika kuulizana kilichosemwa. Mke wa katekista alikuwa bado amekaa, mikono mapajani, ila tabasamu halikuwepo.

"Vyako nini?" mumewe aliuliza.

"Vidonge. Mdogo wangu nilimtuma mimi, nikamwapisha. Anavunjiwa uchumba kwa ajili yangu, na mimi nimekaa hapa nimenyamaza kama mfano."

Katekista akatafuta kiti kwa mkono, asikipate, akakaa kwenye benchi la wanafunzi.

"Unafundisha vizuri," mkewe alisema. "Mimi mwenyewe naipenda njia hiyo, na ningeifuata. Lakini inataka watu wawili, na mimi nilikuwa peke yangu. Nina watoto wa kulea, sikutaka kufa."

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia. Kila mara nilikwambia. Hukuwahi kusubiri nimalize."

Mchumba mmoja akamshika mwenzake mkono, wakatoka, na wengine wakafuata kimyakimya. Fundi alitaka kumwendea dada yake, lakini dada akamwashiria atoke. Walipofika mlangoni Dokta aligeuka. Katekista alikuwa amehamia benchi la mbele, ameinamisha kichwa upande wa mkewe, na mke ndiye aliyekuwa anaongea.

Nje jua lilikuwa kali. Dokta alijiegemeza ukutani, rangi ya mdomo imemkauka.

"Ungeniambia mimi tu. Siri za watu ndiyo kazi yangu."

"Aliniapisha. Na ningeiuza siri ya dada yangu ili unipende, kesho ungeniamini na yako?"

Dokta aliona aibu, na chini ya aibu, akashangaa kukuta bado kuna wivu. Alimwonea wivu wifi yake. Mtu alikuwa tayari kupoteza ndoa kwa ajili ya neno alilompa yule mama jikoni. Yeye naye alitaka kutunziwa neno namna ile.

"Nisamehe," alisema. "Nilimtengeneza mwanamke mzima, nikamvalisha na sketi. Nilikuchungulia mpaka mbu wakanijua."

"Ulikuwa wewe? Nilidhani kuna mgonjwa kajitanda pale ukutani."

"Usinichekeshe, bado sijamaliza. Lile swali langu hukulijibu. Siku zile za kusubiri."

Fundi akafungua mdomo, akaufunga. Safari hii alikaa kimya mpaka Dokta akaanza kuogopa.

"Sijui, Dokta," alisema mwishowe. "Juzi nilisema 'bila shaka' kwa sababu nilikuwa sijafikiri. Shemeji anajua yote kwa kichwa, na umeona. Mimi naogopa. Zitakuwepo siku nitanuna, nitalala nimekupa mgongo, hata chai yako nitaiona chungu. Lakini kwa jirani siendi. Na ukisema 'subiri', nitakusikiliza mpaka mwisho wa sentensi. Hicho naweza kukuahidi. Zaidi ya hapo nitakuwa najisifu."

Baba yake Dokta hakuwahi kunung'unika, wala kununa, wala kusema anaogopa. Alikubali tu, akachukua kofia.

"Na mimi nikichoka na kipimajoto? Nikisema nataka vidonge?"

"Utaniambia usoni, nitakataa, tutabishana, tutakwenda kwa padri, tutarudi tumenuniana. Lakini usimeze kitu kwa kujificha ndani ya nyumba yangu."

"Nyumba yetu."

"Nyumba yetu. Samahani."

Dokta akanyoosha mkono wa kushoto. Kiungo cha kidole kilikuwa bado na alama ya mchubuko. Fundi alipapasa mfuko wa shati, wa suruali, akarudi wa shati, na alipoipata pete, msichana mmoja wa darasani, mrefu, sketi ya kubana, alipita na mchumba wake akipunga mkono.

"Hongera, fundi!"

"Nani huyo?" Dokta aliuliza.

"Mwanafunzi mwenzetu, jamani. Si unamwona na mchumba wake?"

"Nimemwona. Ameita 'fundi' kwa kuvuta."

"Vaa pete kwanza, halafu ndiyo unihoji."

"Naweza kufanya yote mawili," Dokta alisema, kidole akampa, na macho yake hayakumwachia yule msichana mpaka alipokata kona.